Rivyu ya LUKS baada ya miaka mitatu: diski iko salama, kesi iko kwenye ile skrini ya paswedi

Nianze na nyota kabisa ili asiye na muda aishie hapa: 4 kati ya 5. Nimetumia LUKS, ule utaratibu wa Linux wa kufunga diski nzima kwa paswedi, kwenye laptopu yangu ya kazi miaka mitatu sasa, kila asubuhi nawasha, kabla hata Linux haijaamka inakuja skrini nyeusi inaniuliza paswedi ya diski, naandika, naendelea na maisha yangu. Nyota nne ni za LUKS yenyewe. Ile moja niliyoibana haihusiani na usalama, kwenye usalama sina neno, nimeibana kwasababu ya hiyo skrini ya kuandikia. Yaani watu wamejenga nyumba ya zege na milango ya chuma, halafu tundu la ufunguo wameliweka gizani, na kuna siku unakuta limehama.

Kwa ambaye hajui tunaongelea nini: paswedi unayoandika ukiona jina lako na picha yako kwenye kompyuta sio inayolinda mafaili. Mi mwenyewe niliishi miaka mingi nikiamini inalinda. Siku moja rafiki yangu laptopu yake imegoma kuwaka, analia kuna kazi zake mle ndani, nikachukua flashi yenye Linux, nikawashia hiyo, nikafungua diski yake, ndani ya dakika tano namkopia mafaili yake yote na hakuna mahali popote nimeulizwa paswedi. Yeye akafurahi sana. Mi nikarudi nyumbani roho haijatulia, maana nilikuwa na kompyuta ya aina hiyohiyo na paswedi ya aina hiyohiyo, na mle ndani kulikuwa na mikataba ya watu, picha za vitambulisho, na barua ambazo sio za kila jicho.

Basi ndo nikaingia LUKS. Kazi hii ilianzishwa na Clemens Fruhwirth mwaka 2004, na chini yake inabebwa na dm-crypt, sehemu inayofanya ufungaji wenyewe, ambayo iliingia kwenye kerneli (kiini) ya Linux mwaka huohuo, toleo 2.6.4. Ukiinstoli Debian, Ubuntu au Fedora, ambazo ni aina za Linux, unakuta sehemu ya kuchagua kufunga diski nzima, unaweka tiki, unachagua paswedi, basi. Debian itaanza kwanza kujaza diski yote takataka za kubahatisha ili mtu asijue wapi kuna data na wapi patupu, na hapo kwenye diski kubwa utasubiri masaa, unaweza ukaikatisha, mi nilikatisha sitadanganya.

Kitu nilichokipenda nilipokielewa ni kwamba paswedi yako sio inayofunga data. Data inafungwa na ufunguo mrefu wa kubahatisha ambao hujawahi kuuona wala hutauona, huo ufunguo umewekwa mwanzoni mwa diski, kwenye sehemu inaitwa hedari, nao umefungwa kwa paswedi yako. Paswedi inafungua ufunguo, ufunguo unafungua data. Ndo maana naweza kubadilisha paswedi sasa hivi ikachukua sekunde chache, haihitaji kuandika upya terabaiti nzima. Na ndo maana diski moja inaweza kuwa na paswedi kadhaa, kila moja na sloti yake, LUKS ya kwanza ilikuwa na sloti 8 na LUKS2, toleo la pili, inafika mpaka 32. Watu wananiulizaga eti si itachukua saa nzima kufungua diski yote kila ukiwasha? Hapana. Hamna siku diski inafunguliwa yote. Kila kipande kinafunguliwa pale kinaposomwa kikiwa kwenye memori, kwenye diski penyewe kinabaki kimefungwa vilevile, kwahiyo hata umeme ukikatika katikati hamna kitu kimeachwa wazi.

Ngoja niwape kisa cha fundi maana ndo siku niliyoiheshimu hii kitu. Kioo cha laptopu kilipasuka, nikaipeleka. Fundi akaniambia, kaka niachie na paswedi. Ya nini? Nijaribu kama kioo kimekubali. Nikamwambia we washa tu, itakuletea maandishi ya kuuliza paswedi, ukiyasoma vizuri ujue kioo kimepona. Akaniangalia kama mtu mwenye matatizo nyumbani. Nilivyorudi kuichukua kioo safi kabisa, akanipa mashine akasema, kaka hii yako ngumu, nimeweka flashi nikague diski kama nzima, hamna kitu kinasomeka. Nikamjibu diski ni nzima, asante sana. Sikumuuliza nani alimtuma akague diski. Nililipa nikaondoka, na njiani nilikuwa natabasamu peke yangu.

Haya sasa tuje kwenye malalamiko, na hapa ntakaa kidogo.

Ukiwasha kompyuta iliyofungwa, Linux yenyewe bado iko ndani ya diski iliyofungwa, kwahiyo lazima kuwe na kitu kidogo nje ya kufungwa cha kuja kukuuliza. Kinaitwa initramfs, ni kama mfumo mdogo wa muda unaopakiwa kwenye memori, kazi yake kubwa ni kuchukua paswedi yako, kuipa programu ya cryptsetup, diski ikikubali unaachia mfumo mkubwa uendelee. Ni kamfumo kafupi sana. Hakajui lugha yako, hakajui mipangilio uliyoiweka kwenye eneokazi, mara nyingi hakakwambii hata kama Caps Lock imewaka. Mifumo mingine inakuonyesha kisanduku kizuri chenye vidoti, mingine inaonyesha vinyota, mingine haionyeshi kitu kabisa, unaandika herufi 30 kwenye giza halafu unabonyeza Enter unaomba. Mtu wa kwanza kumwonyesha laptopu yangu alidhani kibodi imekufa.

Sasa mimi laptopu yangu niliinunua ikiwa imetumika, ina kibodi ya Kijerumani. Wakati nainstoli niliacha mpangilio wa Kimarekani, kwa uvivu tu, nilishazoea kuandika bila kuangalia. Miezi ikapita nikachoka kubonyeza kitufe kinatoa herufi nyingine, nikaingia kwenye mipangilio ya eneokazi nikabadilisha kuwa Kijerumani, kila kitu kikakaa sawa na kilivyochapishwa kwenye vitufe. Wiki mbili mbele nikaamua kubadilisha paswedi ya diski, nikafungua terminali, nikaandika cryptsetup luksChangeKey, nikaweka maneno yangu sita ya Kiswahili yakiwa na vistari katikati, ikakubali, nikazima, nikalala.

Asubuhi nawasha, naandika, inagoma. Naandika tena polepole, inagoma. Mara ya tatu naandika kwa kidole kimoja, inagoma, halafu inanitupa kwenye skrini iliyoandikwa (initramfs) na kakishale kanapepesa. Nyie, moyo wangu. Nikazima nikawasha, nikajaribu tena, nadhani nilifika mara ishirini na kitu. Nikaanza kuwaza labda nilikosea kuiandika jana mara zote mbili kwa namna ileile, labda diski imeharibika, labda nimerogwa. Kumbe hamna lolote. Kwenye kibodi ya Kijerumani Y na Z zimebadilishana nafasi, na kale kamfumo ka kuwashia hakajawahi kuambiwa kwamba nimehamia Kijerumani, kenyewe bado kako Marekani. Na Kiswahili kilivyojaa z jamani! Neno kama zamani kenyewe kanasoma yamani, mazoea kanasoma mayoea. Na kile kistari, kwenye Kijerumani kiko kule chini kulia, kwa Mmarekani hapohapo kuna mkwaju (/). Kwahiyo paswedi yangu ilikuwa sahihi kabisa, ila kila asubuhi hiyo nilikuwa nasema neno lingine.

Nilitoa picha ya kibodi ya Kimarekani kwenye simu, nikaiweka pembeni, nikabonyeza kwa nafasi na sio kwa maandishi: palipochapishwa Y nikajua hapa ndo z, kistari nikabonyeza ile ß iliyo baada ya sifuri. Ikafunguka. Nilikaa kimya kama dakika nzima.

Kitu nilichojifunza siku hiyo na sijawahi kuona mtu anakisema: ile skrini ya (initramfs) inayotisha ni msaada. Pale unaandika na herufi zinaonekana. Kwahiyo ukitupwa pale andika z, andika y, andika alama zako, uone zinatoka nini, halafu washa upya ukiwa unajua uko kwenye mpangilio gani. Baadae kwenye Debian nikaweka mpangilio wa kibodi wa mfumo mzima kwa dpkg-reconfigure keyboard-configuration, nikamalizia na update-initramfs -u ili kale kadogo nako kapate habari. Kuna wanaoshauri utumie tu herufi ambazo hazihami, ni ushauri mzuri mpaka ukutane na kibodi ya Kifaransa, pale a na q zimebadilishana, z na w vilevile, m nayo imehama. Kuandika Kiswahili bila a ni sawa na kuacha kuongea.

Na hapo ndo nyota yangu ilipoondokea. VeraCrypt, programu nyingine ya kufunga diski ambayo watu wa Windows wanaitumia, imelimaliza hili suala kirahisi kabisa. Unapochagua paswedi ya kuwashia yenyewe inabadilisha kibodi kuwa ya Kimarekani wakati huohuo, ili unachoandika leo kiwe ndo kitakachosomeka kesho. Halafu kabla haijafunga chochote inakulazimisha kuwasha upya mara moja uandike paswedi kwa majaribio, ukishindwa data zako ziko palepale hazijaguswa. Tena inakutengenezea diski ya uokozi. Huo ni uungwana. Kwanini luksChangeKey isiniambie hata sentensi moja kwamba, ndugu, hii diski ndo ya kuwashia na kibodi ya kuwashia ni nyingine?

Vingine vya skrini hiyo navipitia haraka. Kibodi ya bluetooth haitafanya kazi pale, kawaida bluetooth inakuwa haijaamka, tafuta ya waya au ile yenye kidude cha USB. Kama umeweka hadi /boot (sehemu yenye mafaili ya kuwashia) ndani ya kufungwa basi anayekuuliza ni GRUB, programu inayotangulia kuiamsha Linux, na GRUB ukikosea mara moja inakurudisha kwenye mstari wake wa amri, tena inafungua kwa mwendo wa kobe kwasababu haitumii nguvu zote za prosesa, na LUKS2 inaiweza kwa masharti tu. Mi nimeacha /boot wazi. Najua hatari yake, mtu akiishika mashine yako ukiwa haupo anaweza kuichezea ile sehemu ya wazi ili aibe paswedi ukija kuiandika, Joanna Rutkowska aliionyesha mwaka 2009 na jina lake likabaki shambulio la mjakazi mwovu. Kwa maisha yangu mimi nahofia zaidi mwizi wa begi kuliko jasusi wa hotelini. Na kuna ule udhaifu wa mwaka 2016, uliosajiliwa kama CVE-2016-4484, ulikuwa ukishikilia Enter kama sekunde 70 kwenye hiyo skrini ya paswedi unapewa shelli (sehemu ya kuandikia amri) yenye madaraka yote. Diski ilibaki imefungwa, hakuna kilichosomeka, ila mtu angeweza kuifuta au kuikopi akaondoka nayo. Ilirekebishwa, lakini inakuonyesha vile sehemu hii ilivyokuwa haiangaliwi na mtu.

Kasi? Sioni tofauti. Prosesa nyingi tangu Intel walipoleta maelekezo ya AES (mbinu ya kufunga data inayotumika hapa) mwaka 2010 zinafanya hiyo kazi ndani kwa ndani, ukiandika cryptsetup benchmark utaona namba zako mwenyewe, yangu inapita megabaiti 2000 kwa sekunde kwenye aes-xts, SSD yangu yenyewe haifiki huko. Kompyuta ya zamani kabla ya hapo utaumia.

Utakachokiona ni kasubira ka sekunde kama mbili baada ya Enter, na hako kamewekwa makusudi. LUKS2 inatumia Argon2 kuisaga paswedi yako, inakula muda na inakula memori, hadi gigabaiti moja, ili mtu anayejaribu mamilioni ya paswedi kwa kadi za michoro apate shida hiyohiyo kila jaribio. Ubaya wake ni kwamba vipimo vinapigwa kwenye mashine uliyoifungia. Nilichukua diski niliyoifunga kwenye kompyuta kubwa nikaichomeka kwenye kadude kadogo kenye memori ya kuungaunga, kakaniambia memori haitoshi kufungua sloti, paswedi sahihi kabisa. Ilibidi niirudishe kwenye ile kubwa niongeze sloti nyingine yenye vipimo vidogo.

Watu wataniuliza mbona usitumie Windows na BitLocker yake ya kufunga diski, haikuulizi kitu, inafunguka yenyewe. Ndo tatizo langu nayo, inafunguka yenyewe. Kwa kawaida ufunguo anaushika TPM, kale kachipu kwenye ubao, kakiona mashine ni ileile kanautoa bila kukuuliza. Mwizi akiwasha mashine yako nzima na yeye anapewa mpaka skrini ya kuingia. Mwaka 2024 mtafiti mmoja alionyesha kwa kaubao kadogo ka kielektroniki kanaitwa Raspberry Pi Pico akiunyaka huo ufunguo njiani, kati ya chipu na prosesa, chini ya dakika moja, kwenye laptopu ya zamani ambayo TPM imekaa peke yake. Unaweza kuilazimisha BitLocker iulize PIN wakati wa kuwaka na hapo inakuwa nzuri kwelikweli, ila lazima uzame kwenye sera za mfumo, na toleo la Home halikupi. Halafu kuna zile namba 48 za uokozi, wengi wanajua zipo siku BIOS imeapdetiwa na skrini ya bluu inaziomba. Julai 2024 apdeti ya CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, ilipoangusha mashine kama milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft, mafundi walikuwa wanazunguka na hizo namba mashine moja moja. Kama uko Windows sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma nenda katafute zako ziko wapi. Mac na FileVault yao tangu 2011 inafunga diski nzima na paswedi yako ya kuingilia ndo inafungua, ni laini, inapendeza, sina la kusema zaidi kwasababu sina Mac.

LUKS nayo sasa inaweza TPM, systemd-cryptenroll imekuwepo tangu 2021, hata vile vifunguo vya USB vya FIDO2 inakubali. Nilijaribu cha FIDO2 mwezi mmoja, nikawa nakisahau kwenye suruali nyingine. Nimerudi kwenye paswedi, kichwa changu sijawahi kukiacha kwenye suruali.

Kitu ambacho rivyu nyingi zinapita juujuu: hii paswedi inakulinda mashine ikiwa imezimwa. Imezimwa, sio imefunikwa. Ukifunga kifuniko ikalala, ufunguo bado uko kwenye memori, na watafiti wa Princeton walionyesha mwaka 2008 kwamba memori haisahau palepale umeme ukikata, ukiipoza inakumbuka muda mrefu zaidi, mtu anausoma ufunguo. Mi nikitoka na begi nazima kabisa. Inakera, unarudi unaanza upya na paswedi ndefu, lakini kama unailaza tu kila siku basi ile paswedi unaiandika mara moja kwa mwezi na utaisahau, nimeona ikitokea. Na ukitumia hibernate, ile ya kuhifadhi kazi kwenye diski halafu mashine inazima, hakikisha swopu (sehemu ya diski inayopokea vya kwenye memori) nayo iko ndani ya kufungwa, maana yote yaliyokuwa kwenye memori yanamwagwa pale.

Nina na kaseva kadogo nyumbani nacho nilikifunga kwa ushujaa. Umeme ukakatika nikiwa mbali, ukarudi, seva ikawaka, ikafika kwenye skrini ya paswedi ikakaa kumsubiri mtu asiyekuwepo. Siku nne. Sasa nimeweka dropbear-initramfs, ni SSH ndogo (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali) inayoamka ndani ya kale kamfumo, naingia kwa ufunguo kutoka kwenye simu, naandika cryptroot-unlock, naipa paswedi, inaendelea. Inafanya kazi vizuri sana, usishtuke tu SSH ikipiga kelele kwamba utambulisho wa seva umebadilika, ni kwasababu kadogo kana funguo zake na mfumo mkubwa una zake, kape jina lingine au porti nyingine kelele ziishe.

Sasa hedari. Kwenye LUKS2 ni megabaiti 16 tu mwanzoni mwa diski, na zikiharibika hizo, hata paswedi uijue kwa moyo data zimekwenda, hamna fundi, hamna programu, hamna mganga. Kwahiyo cryptsetup luksHeaderBackup, unapata faili dogo, unaliweka mahali pengine. Pengine nje ya diski hiyo, nasema hivi kwasababu kuna mtu nimemkuta ameliweka kwenye folda ya Documents ya diski ileile. Na kuna mtego: kama umebadilisha paswedi kwasababu kuna mtu aliiona, ile hedari ya zamani bado inafunguka kwa paswedi ya zamani, na ufunguo wa ndani ni uleule. Tengeneza nyingine, ya zamani futa. Mi hedari ilitaka kunitoka siku nafunga diski ya nje, majina yalikuwa yamebadilishana baada ya kuchomeka flashi, nikaandika luksFormat, amri ya kuifunga diski upya kabisa, kwenye diski yenye jina sdb nikidhani ndo mpya. Inakuuliza uandike YES kwa herufi kubwa. Niliandika kwa herufi ndogo kwa haraka zangu, ikakataa, ndo nikasoma vizuri. Hiyo YES ya herufi kubwa ina nusu nyota peke yake.

Na hedari sio bakapu ya data. SSD ikifa imekufa, na ikiwa imefungwa ndo umezikwa nayo.

Paswedi yenyewe: usiweke methali. Haraka haraka haina baraka ni ndefu na nzuri kuandika, ila mtu yeyote anayejua Kiswahili ataijaribu kabla hajamaliza chai. Njia niliyotumia ni ya Diceware ya Arnold Reinhold ya mwaka 1995, unarusha dadu tano, namba inakupa neno moja kwenye orodha ya maneno 7776, unarudia mara sita. Orodha nilijitengenezea ya Kiswahili kutoka kwenye kamusi, kazi ya jioni kadhaa. Maneno yabaki yalivyotoka hata kama hayaeleweki, ukianza kuyapanga yawe sentensi, ngeli zinakuharibia, ukisema viti mtu anajua kinachofuata kitaanza na vi. Ukiyarudia asubuhi wiki mbili vidole vinashika vyenyewe.

Sloti ya pili nimempa dada yangu, ipo kwenye bahasha iliyogundishwa, maana nikipata ajali mikataba ya watu lazima itoke mle ndani. Mwezi uliopita nikasema tufanye mazoezi, nikamwambia fungua bahasha, laptopu hiyo, mi nimekaa pembeni sisemi kitu. Akaandika, ikagoma. Akaandika, ikagoma. Akanigeuzia karatasi akauliza, kaka hii ni l au ni 1? Nikaangalia mwandiko wangu mwenyewe na mi nikawa sijui. Na hivi vistari ni vya kuandika au umepamba? Tukakaa tukaiandika upya kwa herufi za kuchapa, pembeni nikamchorea ni kitufe gani cha kibodi hii ndo kistari, akajaribu tena na karatasi mpya mi nimeangalia dirishani. Mara ya pili ikafunguka. Akaigundisha bahasha, akaniambia mwandiko wako ndo enkripsheni.